Mtoto anayejenga magari: mnunulie kinachokosekana, usimnunulie kazi yake

SEHEMU YA 1: Siyo utoto mtupu



Wiki hii inboksi yangu haikujaa homa wala chanjo. Imejaa magari. Mama mmoja wa Kihonda kaniandikia hivi: "Nesi, mwanangu ana miaka kumi. Kila siku ananionyesha kwenye simu gari la kuunganisha, anataka nimwagizie mtandaoni. Hapa ndani kashajaza maboksi na ndala zilizokatwakatwa. Nimwagizie, au nimwambie akasome?" Wengine watatu wameuliza yaleyale kwa maneno yao. Basi najibu hapahapa kwa wote, kwa sehemu tano, maana swali ni dogo lakini lina mambo ndani yake: pesa yako, usalama wa watoto wako, na kitu cha tatu ambacho nitakifikia.

Kwanza tuelewane hawa watoto wanafanya nini.

Ukikata kona pale Sangasanga ukapanda kuelekea Mgeta, utakutana na watoto barabarani wanaendesha malori. Lori lenyewe ni kopo la mafuta ya kula lililolazwa, au kipande cha mti kilichochongwa. Matairi ni miduara ya ndala. Usukani ni fimbo ndefu yenye waya uliozungushwa kwa juu, ili dereva asimame wima na kukimbia nalo. Na nyuma lazima kuwe na mzigo, hata kama ni majani tu, kwa sababu lori analolijua yeye ni lile linaloshusha kabichi na karoti kutoka milimani. Mtoto wa Msamvu yeye anajenga basi. Na tangu SGR ianze kubeba abiria kati ya Dar na Morogoro mwaka 2024, mitaani kwetu nimeanza kuona treni za boksi zenye pua kali. Ukiuliza unaambiwa, "Hii mchongoko."

Mtoto anajenga kile anachokiona kikipita. Anakikagua, anakishika kichwani, halafu anakirudisha kwa mikono kwa vitu alivyonavyo. Hiyo ni kazi ya akili, jamani. Sisi tunaona uchafu sebuleni.

Na msidhani ni ya watoto wetu tu. Uingereza, mwanzoni mwa miaka ya 1950, kulikuwa na fundi anaitwa Jack Odell. Inasimuliwa kwamba shuleni kwa binti yake waliruhusu kichezeo kinachoenea ndani ya kiberiti tu, basi baba akamtengenezea mashine ndogo ya kushindilia barabara. Watoto wengine wakaitaka. Kutoka hapo zikaja gari ndogo za Matchbox, mwaka 1953, zikaenda dunia nzima. Tamiya ya Japani, ambayo leo ni jina kubwa kwenye magari ya kuunganisha, ilianza mwaka 1946 ikiwa biashara ya mbao. Kwa hiyo mtoto wako mwenye kipande cha mti na kisu butu hajapotea njia. Yuko mwanzoni mwa njia ileile.

SEHEMU YA 2: Hesabu iliyojificha ndani ya boksi

Ukifungua matangazo ya haya magari mtandaoni utaona namba kama 1:24, 1:32 au 1:64. Kina mama wengi wanairuka. Usiiruke, ndiyo namba muhimu kuliko bei.

Ni skeli, kama ile ya ramani tuliyosoma shuleni. 1:24 maana yake gari halisi limegawanywa mara 24. Chukua IST, gari ambalo Morogoro hulikosi. Urefu wake haufiki mita 4. Kwenye 1:24 inakuwa kama sentimita 16, yaani kiganja na vidole vyake. Kwenye 1:64 inabaki sentimita 6, inaingia mfukoni. Basi la mita 12 kwenye 1:24 ni nusu mita nzima! Kwenye 1:32 ni sentimita 37 na nusu.

Kwangu yupo fundi mmoja wa darasa la sita. Yeye hakuanza na namba. Alianza na matairi, kama wanavyoanza wengi. Alikuwa na vifuniko sita vya chupa za soda za plastiki, kila kimoja upana kama sentimita 3. Tairi la basi halisi, ukisimama nalo, kimo chake ni kama mita moja. Sasa mita moja ikiwa sentimita 3, basi zima limegawanywa kwa ngapi? Mara 33 hivi. Ndiyo maana basi lake la boksi, ambalo yeye alilikadiria kwa macho tu, lilikuja karibu kabisa na ile 1:32 ya kiwandani. Watoto wanaobandika vifuniko hivyohivyo kwenye boksi la nusu mita, basi lao linaonekana kama limetobolewa matairi yote. Jicho la mtoto linaliona kosa hilo kabla mwalimu hajamfundisha uwiano.

Baba yao alikuwa kundi la "asome kwanza". Jioni moja akamkuta kijana kwenye ukingo wa daftari anagawanya 12 kwa 32, halafu 2.5 kwa 32 apate upana. Hakuna aliyemtuma. Mzee alisimama pale kidogo, akaondoka bila neno. Kesho yake akarudi na rula ya chuma.

Sisemi magari yatamfaulisha mtihani. Nasema kabla hujasema "acha upuuzi, shika daftari", chungulia kwanza kilichomo ndani ya hilo daftari.

SEHEMU YA 3: Mvulana wa kitandani

Hii sehemu naiandika kwa tahadhari. Sitataja wodi, wala mwaka, wala kijiji, na mengine nimeyabadilisha kidogo ili mtu asitambulike.

Tulikuwa na mvulana aliyevunjika paja. Umri kama huo wa mtoto wa mama wa Kihonda. Aliwekewa uzito wa kuvuta mguu, maana yake ni kulala chali wiki baada ya wiki, mguu umenyooshwa, kamba inaning'inia. Mama yake alikuwa na mtoto mchanga mlimani, hakuweza kukaa naye siku zote. Wiki ya kwanza mvulana aligoma kula. Akiulizwa anageuza uso ukutani. Hakuwa mkorofi. Alikuwa ameishiwa.

Siku moja niliacha boksi tupu la glovu juu ya kabati lake. Niliporudi jioni lilikuwa limekunjwa pembe. Kesho yake akaniomba jingine, neno lake la kwanza kwangu bila kuulizwa. Tukampa maboksi safi ya dawa, vifuniko vya chupa za maji ya kunywa, plasta kidogo ya kubandikia. Mkasi alitumia mbele yetu, kisha tunauchukua. (Na niseme wazi: sindano, bomba la sindano, mpira wa dripu, chochote kilichotumika kwa mgonjwa, SIYO kichezeo. Hata kikiwa kimeoshwa. Ukimwona mtoto mtaani na bomba la sindano mnyang'anye kwa utaratibu, umnaweshe mikono kwa sabuni, umkague kama amejichoma. Kama amejichoma, mlete kituoni siku hiyohiyo.)

Alijenga lori. Kisha akaanza kula, kwa sababu alitaka mikono isitetemeke. Haya ni maneno yake.

Sasa sikilizeni kilichotokea. Mgeni mmoja wa wodini, mtu mwema kabisa, alimwonea huruma akamletea gari la plastiki jipya, linang'aa, lina kelele na taa. Mtoto akashukuru vizuri sana. Akaliweka chini ya mto. Halafu akanyoosha mkono akachukua boksi lake akaendelea kukunja mlango wa lori.

Tulicheka siku ile. Lakini nimelifikiria jambo hilo mara nyingi tangu hapo. Yule mgeni alimpa gari. Mtoto hakuwa na shida ya gari. Alikuwa amelala siku nyingi bila kitu kimoja kinachomtii, hata mguu wake mwenyewe. Boksi lilimtii.

Ndiyo hilo jambo la tatu nililoahidi. Mtoto anayejenga, ukimnunulia gari lililokamilika unakuwa umemnunulia kazi yake mwenyewe ikiwa imeshafanywa. Mnunulie kinachokosekana. Kazi mwachie.

SEHEMU YA 4: Kabla hujatuma pesa

Haya, turudi kwenye simu na ile oda. Ninayoyaandika hapa ni yale tunayofanya nyumbani na yale majirani wamenifundisha, wengine kwa machozi.

1. Uliza vipimo kwa sentimita. Jirani yangu aliagiza "basi kubwa la kisasa" kwenye ukurasa mmoja wa mtandaoni. Pichani lilijaa meza. Likafika la kuning'iniza kwenye ufunguo. Aliyemuuzia wala hakumdanganya, maana skeli ilikuwa imeandikwa pale chini. Picha haina rula.

2. Jua unanunua nini. Kuna gari lililokamilika, la kuweka kabatini. Na kuna la kuunganisha, linakuja vipande vipande vimeshikana kwenye fremu kama majani kwenye kijiti. Hili la pili, boksi lake lina picha ya gari jekundu linalong'aa, lakini ndani mara nyingi plastiki ni nyeupe au kijivu, na gundi na rangi HAVIMO. Soma mpaka chini.

3. Angalia umri. Alama ya duara yenye uso wa mtoto na 0-3 iliyokatwa kwa mstari maana yake kuna vipande vidogo, haifai kwa mtoto wa chini ya miaka 3. Hata kama aliyeagiziwa ana miaka 12, jiulize nani mwingine anatambaa humo ndani.

4. Rangi usiagize kutoka nje. Makopo ya kupuliza na rangi zenye tina zinashika moto, hazipakiwi kwenye ndege kama mzigo wa kawaida. Utalipia kitu kitakachozuiwa njiani. Mtoto anayeanza inamtosha rangi ya maji, brashi ndogo na msasa laini kutoka duka la vifaa vya shule au la vifaa vya ujenzi mtaani kwako.

5. Piga hesabu nzima. Bei ya kitu, usafiri wa kuja nchini, ushuru, wakala wa Kariakoo, nauli ya kifurushi kwenye basi mpaka Msamvu. Gari la bei ndogo linaweza kukufikia kwa bei ya kiroba cha unga, na ukubwa wake usijae bakuli.

6. Lipa ukiona mzigo, inapowezekana. Muuzaji akikataa, mwombe video fupi akiwa ameshika hicho kitu pamoja na karatasi yenye jina lako na tarehe ya leo. Jina linalotokea kwenye simu kabla hujathibitisha malipo lifanane na la biashara. Namba yako ya siri haiombwi na muuzaji wa kweli hata siku moja.

7. Oda iagizwe na mzazi, kwa simu ya mzazi. Magroup ya wapenda magari yana watu wazima wazuri, lakini mwanao asiongee peke yake inboksi na mtu usiyemjua, eti anamfundisha kupaka rangi. Kaeni wote, soma naye.

Sasa mnunulie nini? Mwambie aandike orodha ya anavyohitaji. Kisha pitieni pamoja, kila kitu mkiuliza swali moja tu: hiki mikono yako haiwezi kukitengeneza? Matairi anaweza, yatoke. Viti anaweza, vitoke. Kwetu orodha ya vitu kumi na moja ilibaki na vitatu: brashi nyembamba, mota ndogo, na taa za mbele. Alinuna kwa matairi. Siku ya tatu akakata ya ndala za zamani za dada yake, akayasugua kwa msasa. Sijawahi kuona mtu anajivunia ndala vile.

SEHEMU YA 5: Vitu vitano vya kufungiwa

Hapa navaa sare. Soma polepole, ikibidi hifadhi.

BETRI BAPA. Zile kama sarafu, zinazokaa kwenye rimoti na kwenye vitaa vidogo. Hii ndiyo ya kwanza kwa sababu ndiyo inayoua kimya. Mtoto mdogo akiimeza ikakwama kooni, mate yanakamilisha njia ya umeme na inaanza kuunguza nyama ya ndani. Saa 2 zinatosha kuleta jeraha baya. Hata betri "iliyokufa" bado ina nguvu ya kufanya hivyo. Dalili zinaweza kuwa kutoa mate, kukataa kula, kukohoa, au zisiwepo kabisa. Ukihisi tu, nenda hospitali yenye eksirei, na ukifika mlangoni tamka neno BETRI, maana kwenye picha inafanana na sarafu. Usimtapishe. Kama amezidi mwaka mmoja, anameza vizuri, na imemezwa ndani ya saa 12, mkiwa njiani mpe asali vijiko viwili vya chai kila dakika 10, isizidi mara sita. Kama asali haipo mkononi, usipoteze muda kuitafuta. Chini ya mwaka mmoja asali hapana.

Kwetu kuna wa mwaka na nusu anayepitisha kila kitu mdomoni. Kwa hiyo taa za basi zimefungwa kwa betri za kawaida za tochi, kwenye kiboksi chenye skrubu. Vitaa vya betri bapa vilivyokuja na mzigo sikumwachia. Aligomba. Nikamwambia mbele ya mdogo wako hatugombi.

Sumaku ndogo nazo zimo humuhumu. Mbili zikimezwa zinavutana zikiwa kwenye sehemu tofauti za utumbo na kuubana katikati mpaka utoboke. Hospitali.

GUNDI. Ile ya kukausha papo hapo ikishika vidole, usivute. Loweka kwenye maji ya uvuguvugu na sabuni, achanisha taratibu. Usiifute kwa pamba: ikikutana na pamba inaweza kupata moto wa kuunguza ngozi. Ikiingia jichoni, safisha kwa maji safi yanayotiririka dakika 15, usilazimishe kope kufunguka, njoo. Na chupa yake inafanana na ya dawa ya macho, kwa hiyo zisikae kabati moja. Gundi ya fundi viatu itumike nje, penye hewa, wewe ukiwepo. Mvuke wake unalevya na unaharibu ubongo, na tunawajua watoto mitaani ambao umeshawachukua.

TINA NA PETROLI. Kamwe zisiwekwe kwenye chupa ya soda au ya maji. Mtoto akinywa, usimtapishe na usimpe maziwa. Ikirudi juu inaingia kwenye mapafu. Mlete na chupa yenyewe. Kupuliza rangi ni nje, mbali na jiko, na mwenye pumu akae mbali.

WEMBE. Nusu wembe unaoshikwa kwa vidole ndio unaokata vidole. Kisu chenye mpini, kinakata kuelekea mbali na mwili, juu ya ubao. Kikimaliza kinarudi kwako.

MOTO. Watoto wetu wanatoboa vifuniko kwa msumari uliochomwa kwenye mkaa, na wanachoma waya wa umeme wapate shaba. Waya usichomwe, ule moshi ni sumu, ganda linamenywa. Kutoboa fanya wewe. Akiungua: maji baridi ya kawaida yanayotiririka kwa dakika 20, kisha funika kwa kitambaa safi. Dawa ya meno, yai, unga, vyote viacheni jikoni.

Na kipimo cha haraka kwa walio na wadogo: chukua kile kiboksi cha karatasi cha katikati ya toilet pepa. Kipande chochote kinachopita humo ndani, kinaweza kumkaba wa chini ya miaka 3. Fundi mkubwa apewe kopo lenye kifuniko na rafu ya juu, na sheria moja: kopo halijafungwa, kazi haijaisha.

Mama wa Kihonda, jibu lako hili hapa. Lile gari zima usimwagizie kwanza. Mwombe orodha, mkate pamoja, mnunulie viwili vitatu ambavyo kweli hawezi kuvitengeneza. Akimaliza gari lake la kwanza kwa mikono yake, na pesa ikiwepo, hilo la kuunganisha atalipokea kama fundi anayejua kilichomo ndani. Na ukute siku hiyo hata halitaki tena.

Basi la kwetu, mkitaka kujua, bado halijaisha. Mota inazunguka kinyumenyume, linarudi nyuma tu. Nimekatazwa kusaidia.

Mtumie mama mwenzio mwenye mtoto wa maboksi. Na leo mkikuta kopo limelazwa uani lina matairi ya ndala, msilitupe kabla ya kuuliza ni gari gani. Wiki ijayo tunaongelea vitu puani na masikioni, maana na huko mahindi na shanga havijatuacha salama.